Kelele za Ndege Mtaani: Mwongozo kwa Kamati za Wakazi Waliopakana na Uwanja wa Mtwara

Tangu kamati ya wakazi wa mtaa wetu ianze kushughulikia kelele za ndege, haupiti mwezi bila jirani wa mtaa mwingine kutusimamisha, iwe sokoni, nje ya msikiti au msibani, na kutuuliza maswali yaleyale matatu: malalamiko yapelekwe kwa nani, kipimo cha kelele kinapatikana wapi, na fidia italipwa lini. Kwa ufupi, hakuna ofisi moja inayoshika mambo yote, kipimo cha kwanza ni daftari na kalamu, na kamati inayoanza kwa kudai fidia kwa kawaida hukosa vyote viwili, fidia na utulivu. Majibu marefu yanafuata hapa chini. Wasomaji wa Lindi walio jirani na uwanja wa Kikwetu wanaweza kuutumia mwongozo huu pia, ilimradi wabadilishe jina la halmashauri na mwelekeo wa barabara ya kurukia ndege.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Watu watano hadi saba wanaoishi pande tofauti za mtaa, wakiwemo angalau mama mmoja mwenye mtoto mchanga na mzee mmoja, kwa sababu hao ndio wanaokuwa nyumbani saa ambazo wengine wako kazini.
- Kaunta buku moja kubwa kwa kila mwandishi wa kumbukumbu. Karatasi moja moja hupotea.
- Saa ya simu iliyowekwa sawasawa, nanyi nyote mkubaliane kuifuata hiyo.
- Nakala za hati, barua za toleo au leseni za makazi za kaya zinazolalamika, pamoja na mwaka ambao kila kaya ilihamia.
- Ramani ya mtaa, hata iliyochorwa kwa mkono, inayoonyesha uwanja, shule, zahanati, nyumba za ibada na nyumba za waandishi wa kumbukumbu.
- Faili la barua, na fedha kidogo za kudurufu na nauli ya bodaboda.

Wengi huuliza kama ni lazima kwanza kusajili chama. Si lazima. Serikali ya mtaa tayari ni chombo cha kisheria, na kamati iliyoundwa na mkutano wa wakazi na kuandikwa kwenye muhtasari inatosha kwa kazi yote iliyoelezwa hapa. Usajili huhitajika mnapotaka kuchangisha fedha, kufungua akaunti au kusimama kwa jina lenu wenyewe. Kikundi kidogo huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa manispaa, ilhali chama kamili husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya. Nimeona watu wakitumia mwaka mzima kubishana juu ya katiba na vyeo, na daftari lao halina hata mstari mmoja.

Hatua ya 1: Itisheni mkutano kupitia mtaa

Mwendeeni mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji, muwaombe kuweka suala hili kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi. Hakikisheni kuna daftari la mahudhurio lenye majina na saini, akidi imetimia, na uamuzi wa kuunda kamati umeandikwa kwenye muhtasari kwa maneno yanayoeleweka. Muhtasari huo ndio utakaoambatanishwa na barua zote zitakazofuata.

*Onyo:* Msiitane kwenye kundi la WhatsApp pekee kisha mkajiita wawakilishi wa wakazi. Swali la kwanza mtakaloulizwa ofisini ni nani aliyewachagua.

Hatua ya 2: Tenganisheni malalamiko

Katika mkutano wa kwanza kila mtu atasema lake: ndege, baa inayopiga muziki hadi alfajiri, malori yanayotimua vumbi, mfereji uliojaa mchanga, jalala. Yapokeeni yote, lakini kila moja liwe na ukurasa wake, kwa kuwa kila moja lina mlango wake. Barua yenye mambo sita huzungushwa kwenye meza sita, na kila meza husubiri nyingine ijibu kwanza.

Hatua ya 3: Andikeni kumbukumbu katika kusi na katika kaskazi

Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ndege huruka na kutua zikielekea upepo unakotoka. Barabara kuu ya kurukia ya Mtwara, iliyorefushwa hadi mita 2,800, imelala takribani kaskazini hadi kusini, na mji uko upande wa kaskazini wa uwanja. Kwa hiyo msimu wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, ukishika, ndege inayotua mara nyingi huja kutoka upande wa mji, na inayoruka huondokea upande wa kusini. Upepo wa kaskazi, unaotoka kaskazini, ukiingia, mambo hugeuka. Mvuvi wa Shangani hahitaji kuelezwa hili, lakini kamati nyingi huandika kumbukumbu za wiki mbili za mwezi Julai na kudhani zimeona mwaka mzima. Andikeni angalau wiki nne katika kila msimu, na kila siku mwandike upepo unatoka wapi. Siku za upepo mdogo rubani anaweza kutumia upande wowote, hivyo msishangae mkikuta siku zisizofuata kanuni.

Kila ingizo liwe na mambo saba: tarehe, saa, mahali mwandishi alipo, ndege inaelekea wapi, inaruka au inatua, kelele ilidumu kwa muda gani, na ilizuia nini. Hilo la saba ndilo lenye uzito zaidi. Linganisheni maingizo haya mawili kutoka katika daftari letu la kwanza:

> "Ndege kelele sana. Usiku."

> "Jumanne, saa 3:10 usiku, uani kwangu. Injini inanguruma chini uwanjani, ndege haijaruka. Dakika kumi na mbili. Mtoto aliamka, tukafunga madirisha, joto likazidi."

Ingizo la kwanza halina cha kufanyiwa. La pili linamwambia meneja wa uwanja kwamba tatizo si kuruka kwa ndege bali injini kuwashwa ikiwa imeegeshwa, na hilo ni jambo analoweza kulipangia mahali na muda.

*Onyo kuhusu saa:* Sisi huandika saa 3 usiku, ofisi ya uwanja huandika 21:00, na waongoza ndege hutunza kumbukumbu zao kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, hivyo kwao ni 18:00. Malalamiko mengi huanguka hapa, kwa sababu mtu ameandika "saa 3" bila kusema asubuhi au usiku, na ofisi ikitazama kwenye kumbukumbu zake haioni ndege yoyote. Kila mara andikeni asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kwenye barua muongeze saa ya tarakimu 24 kwenye mabano.

*Onyo la pili:* Andikeni pia siku ambazo hakukuwa na kelele. Daftari lenye malalamiko matupu haliaminiki. Tena linaweza kuwapotosha nyinyi wenyewe. Kwetu tulikuwa na hakika kwamba ndege ndizo zinazotukosesha usingizi, lakini tulipopanga maingizo ya usiku tukakuta mengi yameandikwa baada ya ndege ya mwisho kuondoka, na mengi kati ya hayo yaliangukia Ijumaa na Jumamosi. Ilikuwa ni jenereta ya ukumbi wa sherehe, ambayo kwa mbali, upepo ukiwa upande wetu, hunguruma kama injini ya ndege iliyoegeshwa. Tungepeleka barua uwanjani kabla ya kujua hilo, tungeaibika.

Hatua ya 4: Pimeni kwa simu, lakini mjue mipaka yake

Programu za simu za kupima sauti zinafaa kulinganisha, yaani mahali hapa na pale, au ndege hii na ile, kwa simu ileile. Hazifai kuthibitisha kwamba sheria imevunjwa, kwa kuwa simu haijarekebishwa kwa kipimo rasmi. Shikeni simu kwa urefu wa kifua, mbali na kuta, na msipime upepo ukivuma moja kwa moja kwenye kipaza sauti, kwani hapo mtakuwa mnapima upepo. Chini ya paa la bati wakati wa mvua msijisumbue.

Kuna kosa moja la hesabu ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Shirika la Afya Duniani, tawi la Ulaya, lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kelele za ndege zisizidi desibeli 45 kwa wastani wa siku nzima, na 40 kwa wastani wa usiku. Hizo ni wastani wa muda mrefu, si kilele cha ndege moja inapopita. Mkiandika kwamba simu ilisoma 80 wakati kikomo ni 45, mtaalamu atakayesoma ataiweka barua pembeni. Desibeli pia hazijumlishwi kama shilingi: ongezeko la desibeli 10 husikika sikioni kama sauti imekuwa maradufu. Kipimo rasmi kiombeni kwa wenye mamlaka nacho, na daftari lenu litumike kuwaonyesha waje siku gani na saa ngapi.

Hatua ya 5: Ujueni mlango wa kila jambo

Uwanja wenyewe, yaani maegesho, taa, uzio, magari ya huduma na utaratibu wa ardhini, uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA), na kwenu anayewakilisha ni meneja wa uwanja. Anga, njia za ndege na waongoza ndege viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Ratiba na aina ya ndege ni uamuzi wa shirika la ndege. Kelele kama uchafuzi wa mazingira huangukia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, ambazo mnaweza kuziulizia kwa afisa mazingira wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, au katika ofisi ya kanda ya chombo cha taifa cha mazingira, ambacho wengi wetu bado tunakiita NEMC. Viwanja vya makazi na nani aliruhusiwa kujenga wapi ni kazi ya idara ya mipango miji.

Lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, na mara kwa mara wakazi huelekezwa huko. Hilo hushughulikia abiria na watumiaji wengine wa huduma, kama vile mzigo uliopotea au safari iliyoahirishwa. Mkazi asiyepanda ndege hana kesi huko.

Hatua ya 6: Ombeni jambo linaloweza kutekelezwa

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga tangu mwaka 2001 linazitaka nchi kulitazama tatizo la kelele kwa njia nne: ndege zenye kelele ndogo, mipango ya ardhi, taratibu za urukaji, na mwishowe vizuizi kama vya saa za kuruka. Vizuizi hutafutwa baada ya zile nyingine kuangaliwa. Kamati inayoanza na "ndege zisiruke usiku" imeanzia mwisho wa orodha.

Kwa uwanja kama wetu, wenye ndege chache kwa siku, maombi yenye matumaini ni haya: majaribio ya injini yafanyike mchana na upande wa mbali na makazi, wakazi wajulishwe mapema kupitia mtaa panapokuwa na kazi za ujenzi za usiku, malori ya mkandarasi yatumie njia isiyopita mbele ya shule, na awepo afisa mmoja wa kupokea malalamiko. Ndege zinazobeba wagonjwa wa dharura msiziguse kabisa, na mseme wazi kwenye barua kwamba hamzipingi. Siku moja atakayebebwa atakuwa wa kwenu.

Tafuteni pia jambo ambalo uwanja wenyewe unalihitaji. Jalala lisilozolewa karibu na uwanja huvutia kunguru na mwewe, na hapo ndege ya abiria hukutana na ndege mwenye mbawa, jambo ambalo kila rubani analiogopa. Tuliposema kamati itasimamia usafi wa jalala la jirani na uzio, mazungumzo ya injini yalilainika pia.

Hatua ya 7: Andikeni barua

Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Kichwa kiwe na jina la mtaa na tarehe, kisha jina la cheo cha mpokeaji, kisha njia ambayo barua inapitia. Mfano:

> Meneja,
> Uwanja wa Ndege wa Mtwara.
>
> K.K. Afisa Mtendaji wa Kata
> K.K. Afisa Mtendaji wa Mtaa
>
> YAH: OMBI LA KUPANGIWA MUDA NA MAHALI PA KUJARIBU INJINI ZA NDEGE
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati ya wakazi iliyoundwa na mkutano wa mtaa (muhtasari umeambatanishwa) imetunza kumbukumbu kwa majuma manane. Katika kipindi hicho, kelele zilizolalamikiwa zaidi ni za injini kuwashwa ndege ikiwa imeegeshwa, baada ya saa 3 usiku (21:00). Jedwali limeambatanishwa. Tunaomba (1) majaribio hayo yafanyike kati ya saa 2 asubuhi (08:00) na saa 11 jioni (17:00), na (2) kupangiwa siku ya kikao. Hatupingi safari za dharura za wagonjwa.

Nakala zipelekwe kwa diwani na afisa mazingira wa manispaa. Pelekeni barua masjala nyinyi wenyewe, na mrudi na nakala yenu ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na mhuri haijawahi kufika, hata kama mlinzi aliipokea kwa mikono miwili na tabasamu.

Hatua ya 8: Kikao na ufuatiliaji

Nendeni watu wasiozidi wanne, msemaji akiwa mmoja. Mzee atangulie kusalimia, lakini aliyetunza daftari ndiye azungumzie tarehe na saa. Katika siku tatu baada ya kikao, waandikieni waliohudhuria mambo yaliyokubaliwa, nani atafanya nini na kabla ya tarehe gani. Endeleeni na daftari, kwani bila hilo hamtajua kama ahadi imetimizwa.

Masuala mengine ya mtaa kwa haraka

Muziki wa baa na kumbi: anzeni na mtaa, kisha afisa mazingira na afisa biashara wa manispaa, kwa kuwa leseni inatoka huko. Barabara za mtaa na mifereji yake: TARURA. Barabara kuu, pamoja na malori ya korosho na makaa ya mawe yanayoelekea bandarini: TANROADS kwa barabara yenyewe, na polisi wa usalama barabarani kwa mwendo. Maji: MTUWASA. Taka: idara ya usafi ya manispaa. Daftari ni lilelile, ukurasa tofauti.

Mambo yakikwama

*Barua haijajibiwa.* Subirini wiki tatu, kisha mwandike ya kukumbushia mkitaja tarehe ya mhuri. Ikiwa mnachotaka ni taarifa, kwa mfano ripoti ya mazingira ya mradi, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayoitaka taasisi kujibu ndani ya siku 30. Ombi hilo liwe na jina la raia aliyeliomba, si la kamati peke yake.

*Mnaambiwa mlikuja baada ya uwanja.* Hapo ndipo mwaka wa kuhamia na barua za toleo zinapofanya kazi. Gawanyeni kaya katika makundi, na mkubali ukweli kwa walioufuata uwanja. Hata hao wanaweza kuomba majaribio ya injini yasifanyike usiku, ila hawawezi kudai kwamba hawakujua ndege zipo.

*Wanachama wanataka kuandamana.* Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Maoni yangu ni kwamba maandamano kabla ya daftari huwapa wakubwa sababu ya kuzungumzia maandamano na kuliacha jambo lenyewe.

*Uwanja unapanuliwa.* Mradi wa aina hiyo hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wakazi wana nafasi ya kutoa maoni. Hudhurieni, pelekeni jedwali lenu, na mhakikishe maoni yameandikwa kwenye ripoti. Ukishajengwa, nafasi hiyo imepita.

*Swali la fidia.* Fidia ya utwaaji hulipwa kwa ardhi na maendelezo yaliyochukuliwa, si kwa kelele anazosikia aliyebaki. Ikiwa ardhi yenu inatwaliwa, hesabu hujumuisha thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi ya muda, na faida inayopotea kwa mwenye biashara. Chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini uliopita miaka miwili bila malipo unapaswa kufanywa upya, hivyo tarehe ya uthamini iandikwe na kila kaya. Mwenye mali awepo mwenyewe mthamini anapohesabu mikorosho na minazi, ahesabu naye kwa sauti, na apige picha fomu iliyojazwa kabla ya kuitia saini.